Amua Ukiwa Umeshiba: Mwongozo Kamili wa Kupima Mgahawa wa Bei Ghali Ukiwa Likizoni

Kila msimu wa likizo ukiisha napokea malalamiko ya aina mbili. Kuna waliolipa fedha ya siku tatu kwa mlo wa jioni moja, na leo hawakumbuki hata sahani mbili walizokula. Na kuna wengine, wachache ila wenye uchungu zaidi: walisimama mlangoni, wakasoma bei, wakajikaza, wakaenda kula chochote kilichokuwa karibu. Mpaka leo wanajiuliza ingekuwaje wangeingia.

Ukiwasikiliza vizuri, wote walikosea mahali pamoja. Waliamua saa mbili usiku, njaa imeshika, miguu inauma, huku mhudumu anawatazama. Saa hiyo hakuna anayepima kitu. Mwongozo huu unahamisha uamuzi mahali pake: mezani kwako, mchana, tumbo likiwa limetulia.

## Andaa hivi kwanza

- Jumla ya fedha ya matumizi ya safari baada ya kuondoa nauli na malazi, pamoja na idadi ya siku.
- Menyu ya sasa yenye bei, kutoka tovuti ya mgahawa wenyewe. Picha aliyopiga mgeni miaka miwili iliyopita haifai.
- Masharti ya mgahawa ya kuweka nafasi na kughairi.
- Kikokotoo cha simu na kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo.
- Ada ambayo benki yako hukata kadi ikitumika nje ya nchi. Wengi hawaijui mpaka taarifa ya akaunti itoke.
- Unayesafiri naye, akiwa macho na si mwenye hasira.
- Tumbo lililoshiba. Hapa natania, lakini kidogo tu.

Kazi yote ni ya nusu saa hivi.

## Hatua ya 1: Andika sababu yako kwa sentensi moja

Chukua karatasi, au sehemu ya kuandikia kwenye simu, uandike: "Nataka kula pale kwa sababu..." Maliza sentensi bila kuweka neno "tu" wala "lazima".

Zipo sababu zinazosimama. Mmetimiza miaka 10 ya ndoa na mnataka usiku usiofanana na mwingine. Wewe mwenyewe ni mpishi, au unapenda upishi kiasi cha kutaka kuona kazi ya mtu aliyekuzidi. Au chakula kile hakipatikani unakoishi kwa bei yoyote ile.

Nyingine huyumba ukizigusa. "Tuko likizo bwana" ni ruhusa, haijawa sababu. "Kila aliyefika mji huu amekula pale" ni sababu ya watu wengine. Na "mandhari yake ni ya ajabu" inahitaji kuchunguzwa kidogo, kwa kuwa mandhari mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu zaidi mlango ule ule. Kama mgahawa una baa au sehemu ya vinywaji, nenda saa kumi jioni, agiza kinywaji kimoja, tazama bahari au paa za mji mpaka jua lizame, lipa, ondoka. Umenunua mandhari peke yake. Sasa jiulize kama bado unakitaka chakula.

Nina jaribio moja ambalo halijawahi kuniangusha: ungekwenda kama simu zote zingeachwa mlangoni na usingemsimulia mtu yeyote? Ukisita, unachonunua ni picha.

Utajua umefaulu hatua hii ukibadilisha jina la mgahawa kwenye sentensi yako na sentensi ikavunjika. Kama bado inasimama na jina la mgahawa wowote ule, hujapata sababu. Rudia, au achana na jambo lenyewe hapa hapa na uokoe hatua saba zilizobaki.

## Hatua ya 2: Tafuta bili, usitafute bei

Hapa ndipo watu wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bei iliyo kwenye menyu ni mwanzo wa mazungumzo. Tuchukue watu wawili, na menyu ya kuonja, yaani zile sahani ndogondogo anazozipanga mpishi mwenyewe, kwa 100 kila mtu. Sarafu iwe yoyote. Kichwani mwao wawili hawa wameandika 200.

Chukua kikokotoo:

- Menyu mbili: 200
- Vinywaji vinne vya 15: 60
- Maji ya chupa: 10
- Kahawa mbili: 10
- Jumla ndogo: 280

Kama wako Marekani, bei ya menyu haijaingiza kodi ya mauzo. Tuseme mji huo unatoza asilimia 8: ongeza 22.40. Bakshishi pale ni sehemu ya mshahara wa mhudumu, na asilimia 20 ni ya kawaida kwenye migahawa ya hadhi hii: ongeza 56. Sasa ni 358.40. Benki inakata asilimia 3 kwa matumizi ya nje: 10.75. Teksi kwenda na kurudi: 30. Tumefika 399.15.

Waliona 100, wakafikiri 200, wanalipa 400.

Sasa hamisha meza ile ile Ufaransa. Kodi na huduma zimo tayari ndani ya bei ya menyu, kinachoachwa mezani ni hiari, na maji ya bomba kwenye jagi hutolewa bure ukiyaomba. Bili inabaki 280, au 270 ukiacha maji ya chupa. Kwa hiyo menyu mbili zenye bei moja katika nchi mbili hazilingani hata kidogo, na anayelinganisha miji kwa bei za menyu anajidanganya.

Mengine ya kujua kabla ya kujumlisha:

Italia. Kuna ada ya kukaa mezani inayoitwa *coperto*, kwa kila kichwa. Si ujanja wa mwenye mgahawa. Itafute kwa maandishi madogo kwenye menyu.

Uingereza. Ada ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, huwekwa kwenye bili moja kwa moja. Ikiandikwa kuwa ni ya hiari, una haki ya kuomba iondolewe. Kosa la kawaida ni kuilipa halafu ukaongeza bakshishi juu yake.

Singapore. Ukiona alama ya ++ pembeni ya bei, maana yake kuna ada ya huduma ya asilimia 10, halafu kodi ya asilimia 9 juu ya vyote viwili. Sahani ya 100 inakuwa 119.90.

Ureno. Mkate, zeituni na jibini vinavyotua mezani kabla hujaagiza vina bei. Usipovigusa, hulipi. Ukimega kipande kimoja, umenunua.

Japani. Bakshishi haitolewi, na ukiilazimisha utamtia mhudumu aibu. Ila migahawa ya hotelini na ya hadhi ya juu huweza kuongeza ada ya huduma ya asilimia 10 au zaidi.

Onyo kuhusu mvinyo, kwa wanaokunywa: chupa mgahawani huuzwa mara mbili hadi tatu ya bei ya dukani, na kwenye migahawa mikubwa hata zaidi. Ule mpangilio wa glasi moja kwa kila sahani unaweza kukaribia bei ya chakula chenyewe. Usioutaka usiuweke kwenye hesabu, lakini usijiambie hutaki kisha ukautaka ukishaketi.

Hatua imekamilika ukiwa na namba moja, yenye kila kitu mpaka teksi, na umeiandika chini ya ile sentensi.

## Hatua ya 3: Igeuze bili kuwa siku

Namba 400 haisemi kitu peke yake. Igeuze.

Kama baada ya nauli na malazi umebaki na 1,200 kwa siku 8, siku yako moja ni 150. Lakini usiku ule ungekula tu, hata kama si pale. Ondoa ambacho ungetumia kwa kawaida, tuseme 60 kwa wawili. Gharama ya uamuzi wenu ni 340, yaani siku mbili na robo hivi.

Sasa zitaje siku hizo kwa majina. Si "tutabana kidogo". Sema: tutaacha safari ya boti ya Jumatano, na Alhamisi tutakula vya sokoni mchana na usiku. Mkisema hivyo na bado mnataka kwenda, hilo ni jibu zito. Na mara nyingi watu husikia neno "boti" wakaacha kuhangaika.

Kipimo changu mwenyewe ni kwamba mlo mmoja usizidi siku mbili za matumizi, na usiguse akiba ya dharura hata shilingi. Hakuna sayansi nyuma yake. Nimekifikia baada ya kuvuka mstari huo mara mbili na kuumia mara mbili.

Usilinganishe na bei za nyumbani. Ukitoka penye gharama ndogo, kila mgahawa utakuwa wizi. Ukitoka penye gharama kubwa, kila kitu kitakuwa cha bure na utarudi bila senti. Linganisha na safari yenyewe.

## Hatua ya 4: Kagua mgahawa wenyewe

Mpaka hapa hatujauliza kama chakula ni kizuri, na nimefanya hivyo makusudi. Ukianza na sifa za mgahawa, hesabu zote zinazofuata utazipinda zikubali.

Anza na nyota za Michelin, kitabu cha mwongozo wa migahawa, kama zipo, maana zinaeleweka vibaya sana. Nyota hutolewa kwa chakula peke yake: ubora wa vitu vinavyopikwa, ulinganifu wa ladha, ufundi, mkono wa mpishi, na kama ubora huo haubadiliki leo na kesho. Viti, mandhari na tabasamu la mhudumu havihesabiwi. Moja ni mgahawa unaostahili kusimama ukiwa njiani, mbili unastahili kuacha njia yako, tatu unastahili safari kwa ajili yake. Kwa hiyo mtu anayetaka usiku wa fahari na mishumaa anaweza kuingia penye nyota akakuta kaunta, viti kumi na kimya. Kwa mwenye mfuko wa wastani, alama ya Bib Gourmand ya kitabu hicho hicho inafaa zaidi: inaelekeza penye chakula kizuri kwa bei ya kiasi.

Kisha maoni ya wateja. Ruka ya nyota tano na ya nyota moja, soma ya nyota tatu na ya nyota nne, ya miezi michache iliyopita. Tafuta jambo linalojirudia: wanataja sahani kwa jina, au wanataja mwanga na muziki tu? Watu kumi wakisifu mandhari na hakuna anayekumbuka alichokula, umeshajibiwa.

Na penye mtu amesimama nje anakuvuta mkono huku ameshika menyu yenye picha, kumbuka kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jambo la mwisho ni la kukukinga na akili yako mwenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambamo watu waliuonja mvinyo ule ule mara mbili, mara moja wakiambiwa ni wa dola 10, mara nyingine wa dola 90. Ulipotajwa kwa bei kubwa waliusifu zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilichangamka zaidi pia. Bei ina ladha yake. Ndiyo maana kujiambia "nitajua nikionja" ni kuchelewa: ukionja, bei itakuwa imeshakolea kwenye sahani.

## Hatua ya 5: Chagua siku na saa

Usiku wa kwanza ni mwiko. Nalisema hili kwa sauti ya aliyeungua. Tulitua baada ya saa 14 angani na tofauti ya saa 6, tukaoga, tukaenda moja kwa moja kwenye meza tuliyoililia miezi miwili. Sahani ya nne kati ya tisa, mwenzangu alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiganja, kope zinashuka na kupanda. Mhudumu aliinama, akaanza kutueleza kwa upole mchuzi umechemshwa siku ngapi, nami nikawa naitikia kwa kichwa huku nahesabu sahani zilizobaki, kama mwanafunzi anayehesabu vipindi kabla ya kengele. Chakula hakikuwa na kosa. Tulikila tukiwa tumelala.

Usiku wa mwisho nao una mizigo, kengele ya alfajiri na pochi iliyokonda. Siku za katikati ndizo nzuri, baada ya siku nyepesi, chakula cha mchana kikiwa kidogo. Menyu ya kuonja huweza kuchukua saa tatu, na aliyetembea kutwa nzima juani hataifikia sahani ya mwisho.

Kisha uliza swali linalookoa fedha nyingi kuliko yote: je, wanafungua mchana? Migahawa mingi mikubwa huuza mchana menyu fupi zaidi kwa bei ya chini sana, jiko lile lile. Thibitisha mambo mawili: kwamba ni menyu ya mpishi yule yule, na kwamba siku hiyo hamna safari nyingine. Ikiwa namba yako ya Hatua ya 2 ilikushinda, rudia hesabu kwa bei ya mchana kabla ya kukata tamaa. Nimeona uamuzi ukigeuka hapa mara nyingi.

## Hatua ya 6: Kubaliana na unayesafiri naye

Msomee sentensi yako na namba yako, vyote viwili, kisha nyamaza. Asiyetaka asishawishiwe. Mtu mmoja aliyenuna mezani huwaharibia wote, na wewe utakuwa umemlipia anune.

Ikiwa mna watoto wadogo, uliza mgahawa kama unawapokea. Mingine haipokei. Na mwenye asichokula, kwa dini, kwa afya au kwa kutopenda, aseme sasa: menyu ya kuonja haibadilishwi jikoni dakika za mwisho.

Si lazima muende wote. Mmoja anaweza kwenda peke yake mchana, mwingine akalala. Ndoa haivunjiki kwa hilo.

## Hatua ya 7: Weka nafasi, au funga jalada

Jibu likiwa ndiyo, weka nafasi siku hiyo hiyo. Soma kabla ya kuandika namba ya kadi: wanachukua amana kiasi gani, kwa kila kichwa au kwa meza, na mwisho wa kughairi bila kukatwa ni saa ngapi kabla. Weka kengele kwenye simu saa chache kabla ya mwisho huo, kwa saa za mji ule na si za kwenu. Uliza pia mavazi yanayotakiwa, usije ukanunua viatu kwa ajili ya chakula.

Jibu likiwa hapana, tafuta leo hii mahali pengine pa usiku ule na upaandike. Ukiacha nafasi wazi, njaa itaijaza, na utajikuta mlangoni pale pale.

## Hatua ya 8: Linda uamuzi wako mezani

Dakika tano za kwanza ndizo zinazopandisha bili. Utaulizwa maji ya aina gani, utaletewa kitu kidogo, utapewa orodha ya vinywaji vya kuanzia. Jibu kulingana na hesabu yako ya Hatua ya 2. "Ya bomba yanatosha, asante" haijawahi kumshangaza mhudumu mzuri.

Ukitajiwa sahani ya leo kwa mdomo, uliza bei. Ukipendekezewa nyongeza juu ya menyu, uliza kama imo au inaongezwa. Kwa vinywaji, mwoneshe anayehudumu bei kwenye orodha kwa kidole na useme, "Nataka kitu cha hapa hivi." Ataelewa, na mgeni wako hatasikia namba.

Bili ikija, isome. Kisha mashine ya kadi inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya kwenu au ya hapo. Chagua ya hapo. Ya kwenu inaonekana ya kirafiki kwa sababu unaielewa, lakini kiwango cha kubadilishia kimepangwa na upande wa mashine, na huwa kibaya kuliko cha benki yako.

Tofauti kati ya bili na namba yako ikiwa chini ya asilimia 10, ulihesabu vizuri.

## Ukishalipa amana na sasa moyo unasita

Hili huulizwa sana. Mmetoa amana ya 50, halafu siku imefika, mmoja ana homa au hamu imekwisha, na mnasema, "Tumeshalipa, twende tu."

Ile 50 imetoka. Mkienda imetoka, msipoenda imetoka. Kinachopimwa usiku huu ni 350 zilizobaki: je, kama mgahawa ungewaambia sasa hivi kwamba chakula hiki ni 350, mngevaa viatu? Kama ndiyo, nendeni. Kama hapana, pigeni simu mghairi hata kama muda umepita. Msipotee kimya kimya, kwa sababu baadhi ya migahawa humkata asiyetokea fedha nyingi kuliko aliyetoa taarifa, na meza yenu bado inaweza kupata mtu.